Jinsi ya Kupata Kani ya Mgusano Kati ya Maboksi Yanayosukumwa

Wanafunzi wengi hukosa swali la kani ya mgusano, yaani kani ambayo boksi moja hulisukuma jingine pale yanapogusana, si kwa sababu hesabu ni ngumu, bali kwa sababu wanaanza kuhesabu kabla ya kuamua wanatazama boksi lipi. Utaratibu ukifuatwa, ni dakika chache tu.

Tuchukue maboksi matatu yaliyogusana kwenye sakafu isiyo na msuguano: A kilo 2, B kilo 3, C kilo 5. Unasukuma A kwa kani ya nyutoni 20 kuelekea kulia. B lipo katikati, C lipo mbele.

Hatua ya 1: Yahesabu yote kama boksi moja. Masi ya jumla ni kilo 10. Yanakwenda pamoja, hivyo mchapuko wao (kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde) ni mmoja, kani ÷ masi: 20 ÷ 10 = 2 m/s². Usiingize kani za mgusano hapa. A linasukuma B, na B linarudisha kani ileile kwa A, kama inavyosema kanuni ya tatu ya Newton. Ndani ya kundi zinafutana.

Hatua ya 2: Chagua mpaka, yaani mahali maboksi mawili yanapogusana, kisha tazama vilivyo mbele yake tu. Mpaka wa A na B una kilo 8 mbele, na kinachozisukuma ni A peke yake. Kani ni masi × mchapuko: 8 × 2 = 16 N (nyutoni).

Hapa ndipo wengi huandika 20, wakiamini kani ya mkono inapita A na kufika B nzima. Haiwezekani. Kama B lingepokea nyutoni 20, lingelirudishia A nyutoni 20 pia, na A lisingechapuka hata kidogo. Zile nyutoni 4 zilizopungua ndizo zinazolichapuza A lenyewe: 2 × 2.

Hatua ya 3: Mpaka wa B na C. Mbele kuna kilo 5, basi ni 10 N.

Hatua ya 4: Hakiki kwa boksi la katikati. Hii usiiruke kamwe. B linasukumwa mbele kwa 16 na kurudishwa nyuma kwa 10. Zinabaki 6, nayo 3 × 2 ni 6.

Sasa sukuma C kuelekea kushoto kwa nyutoni 20 zilezile. Mchapuko unabaki 2 m/s², lakini mpaka wa A na B sasa una kilo 2 tu mbele yake: 4 N badala ya 16. Kwa hiyo soma swali vizuri ujue mkono uko upande gani.

Jibu liwe na kizio na mwelekeo. Katika mfano wa kwanza, kani ambayo B linaitoa kwa A ni 16 N kuelekea kushoto.