Mlio wa tik-tik unaokuja na kupotea kwenye Hilux ya zamani

Mwenye Hilux ya zamani yenye injini ya petroli ya 22R akisikia mlio wa tik-tik unaokuja na kupotea, asikimbilie kufungua injini, bali kwanza aangalie ni wakati gani hasa mlio huo hutokea. Ukisikika asubuhi injini ikiwa ya baridi, ukazidi unapokanyaga mafuta, kisha ukafifia injini inapopata moto, shuku kuwa gasketi ya manifoldi ya egzosi (kizibo kati ya injini na bomba la moshi) inavujisha moshi, kwa kuwa chuma kikipanuka huziba mwanya. Masizi meusi kwenye maungio yatathibitisha. Wengi hurekebishiwa tapeti, yaani nafasi za valvu, bure kwa sababu ya uvujaji huu.

Mlio ukitokea kwenye kona au mlimani, egesha gari mahali tambarare na uchomoe kijiti cha oili kabla ya jambo lingine lolote, maana oili ikipungua sana pampu huvuta hewa gari linapoinama.

Mlio usiobadilika sana kwa joto na unaotokea juu ya injini, mara nyingi husababishwa na nafasi ya valvu (mwanya kati ya valvu na kinachoisukuma) iliyozidi. Weka ncha moja ya kipande cha mpira wa maji sikioni, upitishe nyingine juu ya kifuniko cha valvu, mbali na feni na mkanda, hadi uipate silinda husika. Marekebisho hufanywa kwa skrubu injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za egzosi. Usikaze zaidi ya hapo ili tu inyamaze, kwani valvu ya egzosi isiyofunga sawasawa huungua.