Simu imejaa? Anzia WhatsApp

Kabla hujashuka Barabara ya Digo kuulizia bei ya simu mpya eti yako "imejaa", ingia WhatsApp kwanza. Juzi niko Likoni nangoja feri, nataka kumpiga mwanangu picha moja tu, simu yaniambia hakuna nafasi. Kumbe ni lile grupu la arusi ya binamu. Arusi ilishapita, lakini video za maharusi kuingia ukumbini zimo, ile ile moja imetumwa na mashangazi wanne!

Fungua Mipangilio, kisha Hifadhi na data, halafu palipoandikwa kusimamia hifadhi. Hapo utaona mafaili yanayozidi MB 5 yamewekwa pamoja, na yale yaliyosambazwa mara nyingi yako peke yake. Anza na haya ya pili, mengi ni "habari za asubuhi" zenye maua. Futa bila huruma, ila picha za watoto zihamishe kwanza.

Ukimaliza, rudi nyuma kidogo, kwenye upakuaji wa moja kwa moja. Unapotumia data ya simu, ondoa tiki kwenye picha, sauti, video na nyaraka. Ujumbe wa sauti utaendelea kuingia kama kawaida, usiwe na wasiwasi, mama hatalalamika.

Watu humlaumu TikTok kwa kula bando, na anakula kweli, lakini huyo angalau umemfungua mwenyewe. WhatsApp inapakua hata simu ikiwa mfukoni.