Aliyelowa dawa ya nyanya: mvue, mwoshe, ndipo mpakie

Wanaopulizia nyanya Ilula au viazi Uyole wanaijua hali hii. Bomba limevuja mgongoni tangu asubuhi. Jua likipanda kijana anatokwa na jasho lisiloisha, mate yanamjaa, anatapika, kifua kinakoroma. Mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano. Hizo ni dalili za sumu za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti, profenofosi ikiwemo. Ninapofundisha huduma ya kwanza vijijini nakuta kosa lilelile: anapandishwa bodaboda na shati lililolowa, na njia nzima sumu inazidi kupenya ngozini.

1. Vaa glavu za mpira. Huna, vaa mifuko ya nailoni mikononi. Mtoe shambani. Mwenzako atafute usafiri au apige 112 wakati wewe unaendelea.

2. Mvue kila kitu, hata soksi na chupi. Najua tunaona haya, hasa akiwa mkwe au mzee, lakini hapa haya inaua. Shati likate, usilipitishe usoni. Mkanda na viatu vya ngozi vimeshanyonya sumu, asivivae tena.

3. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni ya mche, dakika 15 hadi 20: nywele, nyuma ya masikio, kwapa, kitovu, chini ya kucha. Usitumie dodoki, ngozi ikichubuka sumu hupita upesi. Macho yaoshe kwa maji matupu, muda uleule. Kisha mfunike blanketi.

4. Akilegea, mlaze ubavu. Lebo ya dawa iende naye.

Maswali

*Mwalimu, kwetu Kilolo tunamnywesha maziwa kwanza. Yanasaidia?*
Hapana, ndugu yangu. Hayaondoi sumu, na yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni. Usimtapishe pia.

*Zahanati walimchoma atropini, ile dawa ya kupambana na sumu hii, mara nyingi mno, tukaogopa.*
Ndivyo inavyotakiwa, dada. Hurudiwa kila baada ya dakika chache, dozi ikiongezwa, hadi kifua kikauke. Mboni kupanuka peke yake si sababu ya kuacha.

*Mdogo wangu amepata nafuu, anataka kurudi kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni, kesho.*
Mzuie. Kati ya siku ya 1 na ya 4 shingo inaweza kulegea, asiweze kuinua kichwa, kisha pumzi nayo ikashindwa. Ukiona hivyo, hata usiku, mrudisheni hospitali.