Umekuta lulu kwenye chaza? Soma kwanza usije ukaiuza bei ya kangomba

Ndugu zangu wa kusini, haya mambo mi nimejifunza kwa hasara kidogo. Mwaka juzi mama mdogo wangu wa kule Msangamkuu, Mtwara, alienda kuokota chaza bamvua, akarudi na ndoo yake kama kawaida, akabandika sufuria, wakati wa kutoa nyama akaniita "mwanangu njoo uone kajiwe haka kanang'aa". Lulu. Jirani aliyekuwa pale akatoa elfu 20 papo hapo, na mama mdogo mkono ulishaanza kunyooka. Sisi watu wa korosho kangomba tunaijua vizuri, mtu anakuwahi na hela kidogo mkononi achukue korosho zako kabla mnada haujafika, basi kwenye lulu ni mchezo uleule ila huku mnada wenyewe inabidi uutafute mwenyewe.

Ya kwanza kabisa, usiiguse sana. Ya mama mdogo ilishachemshwa, upande mmoja ukafubaa, na hilo halirudi. Lulu ni chokaa iliyopangwa tabaka kwa tabaka, ile ile lulumizi inayometameta ndani ya ganda, kwaiyo kitu chochote kikali kinaila: ndimu, siki, jiki, dawa ya meno, vyote weka mbali. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute kwa kitambaa laini, ifunge kwenye kipande cha khanga kuukuu, isikae na shilingi wala funguo maana inachunika kirahisi sana. Jua kali na joto la juu ya bati vinaikausha inapasuka. Na jamani usiitoboe! Watu wanakimbilia kwa fundi atoboe iwe kidani, mnunuzi wa maana anataka lulu nzima atoboe mwenyewe anapotaka. Kama imeganda kwenye ganda pia usiibandue na patasi, iache hapohapo, mwenye ujuzi ndo ataamua kama kuna lulu ya kutoa au ni uvimbe tu.

Ganda usitupe. Hii wengi hawajui. Lulu asilia ikiwa na ganda lake, na picha ulizopiga siku hiyohiyo, inaaminika zaidi ya lulu iliyotoka mfukoni peke yake. Andika tarehe, sehemu, nani aliiokota.

Sa utajuaje ni lulu kweli? Wazee wanasema isugue taratibu kwenye ncha ya meno ya mbele, ukisikia kama mchanga mwembamba ni lulu, ukisikia utelezi ni plastiki. Ni kweli ila nusu. Lulu ya kufugwa (ile mtu anampandikizia chaza makusudi ili aitengeneze) nayo ina mchanga huohuo, alafu kuna lulu asilia zisizo na lulumizi, kama zinazotoka kwenye lile kombe kubwa sana linalokaa kwenye matumbawe, zile ni nyeupe kama sahani ya udongo na zinateleza kabisa. (Hizo za kombe kubwa nyingi hazina bei kubwa kama watu wanavyodhani, na kombe lenyewe liko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kulitoa nje ya nchi bila kibali ni kesi.) Kujua kwa uhakika kama ni ya asili au ya kufugwa ni mpaka maabara, wanaipiga eksirei waone ndani imejengwaje, mfano kama kuna kiini kilichopandikizwa. Sonara akikwambia ameijua kwa macho tu, mshukuru uondoke.

Kipimo sasa. Nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma mpaka pointi mbili za gramu, pima pia upana kwa milimita. Karati 1 ni gramu 0.2. Lulu ya mviringo ya milimita 8 inatakiwa kuwa kama gramu 0.7 hivi, karati 3 na nusu, ukiona nyepesi sana jiulize. Ya mama mdogo ilikuwa milimita 6, gramu 0.3, yani karati 1 na nusu.

Hapa kuna jambo tamu, lisome taratibu. Zamani wafanyabiashara wa lulu walikuwa wanahesabu kwa greini, greini 4 ni karati 1, alafu wanazidisha uzito kwa uzito wenyewe ndo wanapiga mara bei ya msingi. Kwaiyo lulu ya greini 3 ni 9 mara bei ya msingi, ya greini 6 ni 36 mara bei ileile. Uzito umeongezeka mara mbili, bei mara nne! Ndo maana mtu akikwambia "ndogo hii nilinunua elfu 10, yako ni kama mbili, nakupa 20" anakuibia kistaarabu. Na bei ya msingi yenyewe inapanda na kushuka kwa ubora: mng'ao kwanza (uone sura yako imechorwa vizuri au ukungu tu), alafu umbo, alafu ngozi kama ina vishimo, alafu rangi. Mviringo kamili ni adimu. Mbili zinazofanana kabisa zinazidi bei ya moja moja.

Kuna wanaouliza kuhusu lulu za abaloni, hasa wenye ndugu zao Afrika Kusini. Huyu ni konokono wa baharini mwenye ganda kama sikio, kule Cape wanamwita perlemoen, New Zealand wanamwita paua, yupo pia California, Mexico na Japani. Lulu yake ni kitu kingine kabisa: kijani, bluu, zambarau, pinki, zote kwenye kipande kimoja, na umbo mara nyingi ni la pembe au jino la papa, mviringo ni bahati ya ajabu. Nyingi zina uwazi ndani. Kwaiyo ile hesabu yangu ya uzito juu isikupoteze hapa, abaloni inaweza kuwa kubwa na nyepesi na bado ikawa na bei, maana kinachouzwa ni rangi na mng'ao na umbo kama liko sawa pande zote. Ufa na tundu vinashusha. Tatizo lake ni karatasi, ujangili wa perlemoen kule ni vita kubwa, mnunuzi makini atauliza ilivuliwa wapi na kwa kibali gani, na kama jibu ni "binamu alinipa" ataondoka, au atakupa bei ya mtu anayejua huna pa kwenda.

Hata hapa kwetu karatasi zipo. Ghuba ya Mnazi mpaka maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu 2000, kuna maeneo hairuhusiwi kuokota kitu. Kabla ya kuuza nje muone afisa uvuvi, muulize kibali cha kusafirisha, usisubiri kuulizwa uwanja wa ndege.

Kuuza: sonara wengi wa mjini Mtwara na Lindi wanajua dhahabu na fedha, lulu wanakisia. Waulize watatu au wanne bila kuwaachia, andika kila bei, ya juu kabisa ichukulie ndo ngazi ya kwanza. Kama ni ndogo na imefubaa iuze Dar au Zanzibar yaishe, gharama za cheti zitaimeza. Ila kama ni kubwa, milimita 8 kwenda juu na inang'aa, cheti cha maabara kina maana, maabara kama GIA, SSEF ya Uswisi, au DANAT ya Bahrain, na Bahrain ndo nchi ambayo lulu ya kufugwa hairuhusiwi kuuzwa, kwaiyo ya asili wanaipenda hasa. Ukimwachia mtu akuuzie, muandikishane serikali ya mtaa, uzito na milimita viandikwe kwenye karatasi, asije akarudisha nyingine.

Mtandaoni piga picha mchana kivulini, rula pembeni, pande zote na kasoro zionekane. Mtu akisema hela imeshatoka ila tuma kwanza ya ushuru, huyo ni ndugu yake "ile hela tuma kwenye namba hii". Lulu inatoka mkononi hela ikishasoma kwenye akaunti, meseji ya simu sio hela.

Sisi tulikaa nayo miezi minne. Tukampata mama mmoja Dar, akatoa laki na 80, na angetoa zaidi kama isingechemshwa, alisema mwenyewe. Akaliomba na ganda, tukamuuzia kivyake.