Punda sio mkaidi, anaogopa: mfundishe kwa zawadi, bakora weka pembeni

Wadau wa ufugaji wa Arusha na Moshi habari zenu. Pita Ngaramtoni au Kisongo siku ya gulio lazima utaona punda kaganda katikati ya njia mbele ya kidaraja na mzigo mgongoni, kijana yuko nyuma anamtandika tu na punda hatikisiki, watu wanapita wanasema punda bana, mkaidi huyu. Hapana jamani. Farasi akiogopa anakimbia, punda akiogopa anasimama kwanza aangalie, ndivyo alivyoumbwa. Sasa ukimchapa pale pale unamwongezea hofu, na kesho akifika kwenye kile kidaraja atasimama tena maana ameshajua hapa ndio huwa panauma.

Kabla ya kumfundisha chochote mkague mwili. Funua matandiko uangalie vidonda vya mgongoni, shika kwato, angalia macho na mdomo. Punda wengi wanaoitwa wabishi wana maumivu tu, hasa wale wanaofungwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe anasukuma nira kwa nundu, punda hana nundu, yeye anavuta kwa kifua na mabega, kwahiyo ile nira inamchubua shingo kila siku alafu tunashangaa kwanini akiona mkokoteni anarudi nyuma. Hapo hakuna zawadi itakayosaidia, tibu kidonda na badilisha vifaa, mfungie mkanda mpana wa kifuani uliowekwa kitu laini.

Akiwa mzima ndio tuanze. Msingi ni kwamba mnyama anarudia kile kinachomletea kitu kizuri. Waliolionyesha hili vizuri sana ni wanaofundisha pomboo kwenye mabwawa huko Marekani, maana pomboo huwezi kumchapa wala kumfunga kamba, akichukia anaogelea anaondoka zake, ikabidi watumie filimbi na samaki. Wewe filimbi huhitaji. Chagua neno moja fupi, mfano "safi", ila usichukue mluzi au ule mlio wa ulimi ambao tayari unautumia kumwambia atembee, utamchanganya. Simama nje ya uzio, sema "safi", mpe kipande cha chakula, rudia hivyo hivyo mpaka uone akisikia tu neno masikio yanakugeukia anasubiri chake.

Hapa kwenye muda ndio wengi wanakwama. Neno lazima litoke sekunde ile ile aliyofanya unachotaka, na chakula kifuate haraka. Ukichelewa umemzawadia kitu kingine, ulitaka kumsifia kwa kuinua mguu wewe umemsifia kwa kuushusha. Na kitu cha kwanza kabisa kumfundisha ni adabu ya chakula: akisukuma mfuko wako kwa pua tulia tu, usimpe wala usimpige, akigeuza kichwa pembeni hata kidogo sema "safi" umpe. Watoto wa nyumbani wasimlishe mkononi, watumie bakuli.

Baada ya hapo chukua chupa tupu ya maji umsogezee. Akiigusa kwa pua, "safi", mpe. Taratibu chupa inakuwa mbele hatua moja, hatua mbili, na punda anaifuata mwenyewe, na kile kidaraja cha jana unakivuka hatua kwa hatua bila kuvutana kamba. Watu wengine wanafunga chupa kwenye fimbo, mimi sishauri kwa punda aliyewahi kuchapwa, ishike mkononi tu. Madumu, kamba na mkokoteni ni mwendo huo huo, mwonyeshe, anuse, zawadi, liguse begani, zawadi, likae mgongoni tupu, zawadi. Kwato pia, na hata sindano, na mtaalamu wa mifugo akija atakushukuru sana maana punda aliyezoea kushikwa hapigi mateke ovyo. Dakika tano mpaka kumi zinatosha, asubuhi kabla ya jua kali, achia akiwa bado ana hamu. Ila asiwe na njaa kali, mwache ale majani au mabua kwanza, mwenye njaa anapagawa na chakula badala ya kujifunza.

Zawadi yenyewe iwe ndogo. Karoti kata kwa urefu, zile duara zinaweza kumkaba. Maganda ya ndizi sawa kabisa, na huku kwetu hayakosekani. PARACHICHI HAPANA, si tunda si ganda si majani, ni sumu kwa punda na farasi, na najua Moshi na Meru miparachichi iko kila kona kwahiyo angalia unamfunga chini ya mti gani. Mahindi yaliyoota ukungu nayo usidanganyike kwamba mnyama hadhuriki, kuna sumu ya ukungu humo inayoharibu ubongo wa farasi na punda mpaka kufa. Kama huna chochote mkune pale shingo inapokutana na mgongo, kwa farasi imepimwa kabisa, akikunwa hapo mapigo ya moyo yanashuka. Wenye farasi Usa River na Machame haya yote yanawahusu pia.

Nyumba nzima mtumie neno moja. Haifai mama amfundishe asubuhi kwa "safi" alafu jioni kijana anayeenda nae kuchota maji arudishe bakora, na hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 hairuhusu kumtesa mnyama. Punda akishaelewa jambo punguza, mpe mara moja moja, ila kwa mambo magumu kama kwato na sindano endelea kumlipa kila mara.

Na punda sio mnyama wa kumchosha ukanunua mwingine, mimba yake inachukua kama mwaka mzima na kwa kawaida anazaa mmoja tu. Huyo mtoto anza nae mapema, mguse mwili mzima, mzoeshe kamba ya kichwani na kuinuliwa miguu, vyote kwa "safi". Mzigo mwepesi asubiri mpaka miaka mitatu, mzito minne.