Kishikwambi darasani: anza na mrejesho, nyota ngoja kwanza

Mwaka 1953 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikwenda kuketi darasani kwa binti yake, kipindi cha hesabu. Mambo mawili yalimkera: mtoto hajui kama amepata au amekosa mpaka baadaye sana, na wote wanakwenda mwendo mmoja, mwepesi na mzito. Akaunda mashine ya kufundishia. Nami kila ninapoandaa zoezi la kishikwambi najiuliza kama linatibu maradhi hayo mawili. Kama halitibu, naliacha. Chaki inatosha.

Chukua somo la kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Kwanza taja kitendo kinachoonekana. "Aelewe sehemu" hakionekani. "Ajumlishe 1/2 na 1/3" kinaonekana. Kisha kikatekate. Maswali yangu ya mwanzo yanadai KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya asili mbili tu, basi. Yanayofuata: 1/2 ni sehemu ngapi kati ya sita? Kujumlisha kwenyewe huja mwisho. Darasa la arobaini wakikwama zaidi ya wanne kwenye hatua moja, kosa nalihesabu kuwa langu: hatua ni kubwa, naigawa tena.

Sasa fungua mipangilio ya programu. Nyingi huonyesha alama mwisho wa zoezi; wewe taka jibu lionekane baada ya kila swali. Mimi nilimaliza muhula mzima bila kugusa kitufe hicho, watoto wakirudia kosa lile lile mara kumi kwa kujiamini kabisa. Waache pia waandike jibu wenyewe badala ya kuchagua A, B au C. Skinner naye alipendelea hivyo, na anayeandika hawezi kubahatisha kirahisi.

Kazi kubwa iko kwenye ujumbe wa anayekosa. Alama nyekundu haimwambii kitu. Kwa aliyeandika 2/5 mimi nimeweka: "Umejumlisha asili. Nusu na theluthi si vipande vinavyolingana. Tafuta kwanza asili moja." Makosa ya aina hiyo hayazidi matatu au manne kwa somo, kwa hiyo kuyaandikia ni jioni moja.

Kuhusu nyota na pointi, tahadhari: unachokituza ndicho kitakachoongezeka, hata kama hukukikusudia. Niliwahi kutoa pointi za ziada kwa wanaowahi. Wiki mbili tu nikawa na darasa la wabahatishaji hodari, vidole mbio, daftari halina hata mstari wa kukokotoa. Nikazima saa, pointi nikazihamishia kwenye hatua zilizoandikwa. Mwanzoni tuza kila jibu sahihi. Wakishazoea, tuza mara mojamoja bila mpangilio wanaoutabiri, maana tabia iliyojengwa hivyo huchelewa kufa tuzo zikikatika.

Njia hii inafaa majedwali ya kuzidisha, tahajia, kanuni za kukokotoa. Insha usiipeleke huko, wala swali la "kwa nini asili zilingane?" Hilo vishikwambi vinazimwa, wawili wawili wanaelezana kwa kukunja karatasi.

Baada ya wiki mbili natoa maswali kumi ya kuandika kwa kalamu, bila nyota wala mlio wa pongezi. Anayeniandikia 2/5 namrudisha kwenye KDS.