Choo cha London: ule ukoko si uchafu, ni chokaa

Chungulia ndani ya birika lako la umeme. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio huohuo unaojichora duara kwenye sinki la choo, pale maji yanapokomea. Tofauti ni kwamba wa chooni hushika rangi: unakuwa wa njano, halafu wa kahawia, na mgeni akiingia anadhani wenye nyumba hawasafishi.

Maji ya kusini-mashariki mwa Uingereza yamepita kwenye miamba ya chokaa. Ndugu yangu aliye Glasgow hata haelewi ninacholalamikia. Yao ni maji laini, yasiyo na chokaa nyingi, yanatoka ziwa Loch Katrine. Mimi nilisugua mwaka mzima, nikamwaga jiki chupa baada ya chupa. Jiki inaua vijidudu na kuupausha ukoko, lakini chokaa yenyewe inabaki palepale, na baada ya wiki mbili rangi hiyo imerudi. Chokaa inataka asidi.

Nunua siki nyeupe. Usiku kabla ya kulala, sukuma maji ya sinki kwa brashi, harakaharaka, mpaka yashuke chini ya lile duara. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunamwaga siki juu ya maji yaliyojaa, inazimuliwa, asubuhi hakuna kilichobadilika. Kisha bandika karatasi ya chooni juu ya ukoko, kama unavyofunga kidonda, na uimwagie siki mpaka ilowe chapachapa. Ukiamka utakuta ukoko umelainika kama chaki iliyonyeshewa. Sugua kidogo, flashi. Ukoko wa miaka mingi utataka usiku 2 au 3. Badala ya siki unaweza kutumia asidi ya sitriki, ileile iliyomo kwenye limau, huuzwa ikiwa unga. Haina harufu kali kama siki. Weka vijiko 4 vya chakula kwenye lita 1 ya maji ya moto, ila yasiwe yanachemka, maana kaure inaweza kupasuka.

Zile video za kuchanganya siki na soda ya kuokea zisikudanganye. Povu linapendeza machoni, lakini viwili hivyo vinamalizana nguvu, unabaki na maji ya chumvichumvi. Soda itumie peke yake, kusugulia kiti na kufyonza harufu.

Siki na jiki, kamwe. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, nayo inachoma mapafu, na vyoo vingi vya fleti havina hata dirisha. Dawa nyingi za chooni zina jiki ndani yake. Ukiona neno bleach kwenye chupa, siki isiguse hapo. Kama uliitumia jana, flashi mara kadhaa kwanza.

Choo kimeng'aa na bado kinanuka? Tazama bawaba za kiti. Mkojo hujificha pale chini, hasa kwenye nyumba yenye watoto wa kiume. Legeza skrubu, nyanyua kiti, pitisha mswaki wa zamani wenye siki, suuza.

Kwa manukato, sisi wa pwani tunakimbilia udi. Nilifukiza Ijumaa moja, king'ora cha moshi kikalia ghorofa nzima na majirani wakashuka na nguo za kulala. Siku hizi naweka karafuu kwenye kibakuli juu ya tangi, nazibadilisha zikiisha harufu.